Kutengeneza Kolaji ya Ufuo Mmoja kwa Vitu Vilivyookotwa Pwani

Anayetembea ufuoni Jambiani, mashariki mwa Unguja, alfajiri baada ya maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa na kupwa kuliko ya siku nyingine, hukuta mstari mrefu ambao bahari imeuacha usiku: majani makavu ya baharini, vipande vya kamba za wakulima wa mwani, kandambili moja isiyo na mwenzake, simbi, makumbi ya nazi, vizibo vya chupa, na pengine kipande cha ubao chenye rangi ya buluu kilichokuwa sehemu ya ngalawa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuugeuza mstari huo kuwa kolaji, yaani picha inayotengenezwa kwa kubandika vitu vya namna mbalimbali juu ya ubao mmoja, na namna ya kuifanya picha hiyo idumu ukutani miaka mingi katika hewa yetu ya pwani yenye unyevu na chumvi. Mfano wangu ni Jambiani kwa kuwa ndiko ninakookota, lakini hatua zenyewe zinafaa Bagamoyo, Tanga, Malindi au Lamu bila kubadilishwa sana.

Neno kolaji limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kubandika kwa gundi, na lilipata nguvu katika sanaa mwaka 1912, pale Pablo Picasso na Georges Braque walipoanza kubandika vipande vya karatasi na kitambaa juu ya picha zao. Walichovumbua ni kukubali kwamba kitu halisi kinaweza kukaa ndani ya picha kikiwa bado ni kitu halisi. Kwa hiyo kipande cha kamba katika kolaji hakihitaji kupakwa rangi ili kifanane na kitu kingine, kwa sababu thamani yake ni kwamba kilikuwa kamba, kilifanya kazi ya kamba, na bahari ikakirudisha.

Kutokana na hilo ninatoa shauri moja ambalo mengine yote yanalitegemea: tengeneza kolaji ya ufuo mmoja na, ukiweza, ya maji mamoja. Usichanganye simbi za Mafia na kamba za Tanga na mchanga wa Malindi. Kolaji yenye vitu vya kila mahali huwa pambo zuri lisilosema kitu, ilhali ile iliyotoka katika matembezi ya asubuhi moja humwonyesha mtazamaji mahali, msimu, na kazi za watu wanaoishi hapo.

Wakati wa kwenda ufuoni

Bamvua huja siku chache za mwezi mwandamo na siku chache za mwezi mpevu, na hapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika Unguja huweza kukaribia mita 4. Siku hizo maji hujaa hadi ukingoni kiasi cha saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, kisha hupwa kiasi cha saa nne. Muda bora wa kuokota ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, wakati maji yameanza kurudi, mstari ni mbichi, na bado hakuna aliyeukanyaga wala kuufagia. Maji mafu, yaani yale ya kati ya bamvua moja na nyingine yasiyojaa sana, hayaleti kitu kipya cha kutajika, kwa hiyo siku hizo ni za kukaa nyumbani na kuosha ulivyonavyo.

Kabla ya kuinama kuokota chochote, simama uutazame mstari kwa dakika kadhaa. Bahari hupanga vitu kwa uzito kwa uangalifu mkubwa. Makombe mazima na mawe hubaki chini, mahali wimbi lilipoanza kukosa nguvu. Simbi ndogo na vipande vya chupa hukaa juu yake kidogo. Mwani mkavu, vizibo na kandambili, ambavyo ni vyepesi, hupandishwa hadi karibu na mizizi ya minazi. Na kwa kuwa kila siku baada ya kilele cha bamvua maji hufika chini kidogo kuliko jana, mara nyingi utaona mistari miwili au mitatu iliyokwenda sambamba, wa juu ukiwa wa kale kuliko wa chini. Piga picha za mistari hiyo kwa simu, ukisimama wima na kuielekeza simu chini, kisha ukiwa mbali kiasi cha hatua kumi. Picha hizo utazihitaji wakati wa kupanga, kwa sababu mpangilio bora wa kolaji ya pwani tayari umekwishafanywa na bahari yenyewe, na kazi yako ni kuufupisha.

Cha kuokota na cha kuacha

Kwa ubao wa sentimita 60 kwa 40, kikapu kimoja cha ukili kinatosha kabisa. Jaza robo tatu kwa taka na mbao, na ile robo iliyobaki ndiyo iwe ya simbi. Wengi hufanya kinyume chake, nami nasema bila kusita kwamba wanakosea, kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba simbi tupu hazina kazi ya kupendeza tu ufuoni. Kuna kaa wadogo wenye tumbo laini ambao maisha yao yote hutegemea kupata simbi tupu ya kujificha, na wanapokua hutafuta iliyo kubwa zaidi. Ufuo uliokombwa simbi zote huwaacha wazi mbele ya ndege. La pili ni la macho: simbi mia moja hufutana, lakini simbi saba zilizozungukwa na kamba zilizochakaa zinaonekana moja moja.

Kila simbi unayotaka kuichukua iweke kifudifudi juu ya mchanga uliolowa na uisubiri dakika tano. Ikitembea, ina mwenyewe. Usiokote kamwe simbi iliyo hai, na hasa zile zenye umbo la koni, zenye madoa ya kahawia na nyeupe, kwa kuwa konokono wa ndani yake ana mwiba wenye sumu inayoweza kumuua mtu. Matumbawe yaache, hata yaliyokufa. Matumbawe magumu na yale makombe makubwa sana ya mwambani yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, na mgeni anayeyabeba bila kibali anaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege. Gamba la kasa limekatazwa kabisa katika biashara hiyo. Ndani ya hifadhi za bahari, kama zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968 au ile ya Mafia ya mwaka 1995, usiondoke hata na kombe moja.

Vigae vinahitaji tahadhari ya pekee. Karibu na magofu ya Kilwa Kisiwani au Gede, kipande cha chungu au cha kauri ya Kichina kilichosukumwa na maji kinaweza kuwa cha karne nyingi zilizopita, na sheria zinakilinda: Tanzania Bara kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya kwa sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Kiache pale pale kilipo, kwa maana mtaalamu husoma mahali kilipolala kama anavyokisoma kigae chenyewe. Sahani iliyovunjika juzi, ambayo hutambulika kwa rangi yake ya kiwandani na kingo zilizo kali bado, chukua kwa moyo mweupe.

Baada ya kuyaacha hayo, ufuo bado ni tajiri. Kamba za mwani ni hazina ya pwani yetu ya mashariki. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, wengi wa wakulima wakiwa wanawake, na tangu hapo dhoruba haziachi kung'oa vijiti na kukata vile vikamba vidogo vya kufungia miche ambavyo wenyewe huviita tai-tai. Vikishapigwa jua na chumvi miezi kadhaa, rangi zake kali za kiwandani hufifia zikawa za upole ambao hakuna rangi ya dukani inayoufikia. Okota pia nyavu zilizokatika, vipande vya maboya, usumba wa nazi, vifuu, mbegu za mikoko, na vipande vya chupa ambavyo mchanga umevisugua mpaka kingo zikawa butu na uso ukawa na ukungu mweupe. Vaa glavu, na chochote kinachofanana na sindano au chupa ya dawa usikiguse kwa mikono.

Mbao za vyombo ndizo nizipendazo kuliko vyote. Kipande nilichokipata kusini mwa Jambiani kilikuwa na urefu wa dhiraa moja hivi. Upande mmoja ulikuwa na rangi ya buluu iliyopasukapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Ndani ya nyufa ilionekana rangi ya kijani, na chini ya kijani nyeupe, maana yake chombo kile kilipakwa walau mara tatu katika maisha yake. Kwenye ukingo palikuwa na tundu la msumari ambao chuma chake kilikwisha kuliwa, kikabaki kiduara cha kutu, na kando yake uzi wa pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa za chombo, ulikuwa ungali umebana katika ufa, mgumu kama ukucha. Kipande cha namna hiyo usikipige msasa wala usikipake kitu cha kung'aa. Ukubwa wa ubao wako na rangi ya mandharinyuma yako vifuate kipande hicho.

Kuosha chumvi

Hii ndiyo hatua inayoamua kama kolaji itaishi mwaka mmoja au ishirini, na ndiyo watu wengi wanayoiruka. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Ikibaki ndani ya mbao au kamba, wakati wa masika hulowa na kuyeyuka, na wakati wa kiangazi hukauka na kuwa chembe ngumu. Chembe hizo hukua chini ya gundi na chini ya rangi, zikavisukuma vyote viwili mpaka vinabanduka.

Nililijua hilo kwa hasara. Kolaji yangu ya kwanza niliiosha kwa bidii, maji matatu, kila kitu kikasuguliwa kwa brashi. Baada ya miezi minne vitu vikaanza kudondoka usiku, kimoja kimoja, na nilipogeuza simbi iliyoanguka nikakuta gundi yote imebaki kwenye ubao, na upande wa simbi kuna vumbi jeupe linaloonja chumvi. Maji niliyotumia yalikuwa ya kisima kilicho hatua mia moja hivi kutoka ufuoni. Visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi maji yake yana chumvi kidogo, kiasi ambacho ulimi wa aliyeyazoea hausikii, na mimi nilikuwa nimeyaondoa maji ya bahari kwa kuyaleta mengine. Tangu siku hiyo natumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa, au maji ya bomba, na ndivyo ninavyokushauri.

Mbao ziloweke katika beseni au nusu pipa kwa siku saba hadi kumi, ukibadilisha maji kila baada ya siku mbili, na uziwekee jiwe juu ili zisielee. Kisha zianike kivulini penye upepo, zikiwa zimelazwa juu ya vijiti ili hewa ipite chini. Usizianike juani, kwa sababu uso utakauka kabla ya moyo na ubao utapasuka, tena rangi ile ya kale itabanduka kama maganda. Kukauka huchukua wiki mbili hadi tatu. Njia ya uhakika ya kujua kwamba mbao zimekauka ni kuzipima kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku tatu. Uzito ukikoma kupungua, maji yamekwisha. Zikitokeza utando mweupe juu zinapokauka, hiyo ni chumvi, nazo zirudishwe majini bila huruma.

Kamba, nyavu na tai-tai zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, uzikamue, uziloweke usiku mmoja katika maji safi, kisha uzianike. Kandambili zisugue kwa brashi ya nguo. Nyingine zina vijumba vidogo vyeupe vya wale viumbe wanaoganda chini ya vyombo, navyo ni dalili kwamba kandambili hiyo ilielea baharini muda mrefu; vijumba vilivyo vitupu na vikavu viache, kwa maana ni sehemu ya safari yake.

Simbi na makombe yanahitaji mkono mwepesi. Yaloweke siku mbili katika maji safi yenye sabuni kidogo, uyasugue kwa mswaki wa zamani, na yenye harufu yalaze nusu saa katika maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa madoa ya nguo, kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya maji, kisha uyasuuze mara nyingi. Simbi za kauri na dondo zenye mng'ao zisiguse dawa hiyo, kwani hupoteza uso wao. Wala usitumie siki au ndimu, ingawa wapo wanaoshauri hivyo. Simbi ni chokaa, na asidi huila chokaa. Yale mapovu unayoyaona ni simbi yenyewe ikiyeyuka. Tena usichanganye dawa ya madoa na siki katika chombo kimoja, kwa kuwa hutoa hewa yenye sumu.

Mchanga nao huoshwa. Mchanga wa Jambiani ni mweupe na mwororo kama unga kwa sababu sehemu kubwa yake ni matumbawe na simbi zilizosagika, na vikombe viwili vinatosha. Uchekeche, uusuuze mara tano katika ndoo, umwage maji, kisha uutandaze juu ya kitambaa mpaka ukauke.

Ubao wa chini

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia hadibodi na rangi za kupaka baiskeli, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana kwa bei anayoiweza. Hadibodi bado inafaa kwa kolaji ndogo ya karatasi na kitambaa, lakini haiwezi kubeba mbao na simbi bila kupinda. Tumia plaiwudi ya milimita 12. Isugue kwa msasa laini, kisha uipake undakoti pande zote mbili na kingo zote nne. Ubao uliopakwa mbele tu hunywa unyevu kwa nyuma, ukavimba upande mmoja na kujikunja, na kila kitu kilichobandikwa juu yake kikapata mvutano. Baada ya undakoti, paka rangi ya maji iliyofifia, kijivu chenye buluu kidogo au rangi ya mchanga uliolowa, ukiifuata ile rangi ya kipande chako kikuu.

Ukitaka kitambaa nyuma ya vitu, hakuna kinachofaa kuliko kipande cha tanga la zamani. Matanga yetu hushonwa kwa kitambaa cha pamba kiitwacho marekani, na likichakaa nahodha hatakunyima pande moja ukimwomba kwa adabu. Lioshe kama kamba, ulipige pasi, ulibandike kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kidogo, ukilikandamiza kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki. Viraka na mishono viache vionekane.

Kupanga kabla ya gundi

Laza ubao mezani na uweke picha zako za simu kando yake. Tafuta kwanza mstari mmoja mkuu utakaovuka ubao, kama ule wa ufuoni: usiwe katikati kabisa, wala usiwe mnyoofu kama rula, kwa sababu mstari wa maji siku zote una migongo na mabonde. Juu ya mstari weka vitu vyepesi, yaani tai-tai, usumba, vizibo na mapande ya kandambili. Chini yake weka makombe na vipande vya chupa, vikipungua kadiri unavyoshuka. Baki na eneo tupu la mchanga au la tanga lisilopungua theluthi moja ya ubao wote, maana jicho linahitaji pa kutembea.

Vitu vipange kwa tabaka tatu za urefu. Ya chini ni ya vitu bapa, yaani mchanga, kitambaa na karatasi. Ya kati ni ya kamba na plastiki. Ya juu ni ya mbao na simbi, nayo iwe na vitu vichache kuliko nyingine zote. Washa taa upande mmoja uone vivuli vinaangukia wapi. Katika kolaji yenye vitu halisi kivuli hufanya kazi ambayo katika picha ya kuchora hufanywa na penseli, na simbi iliyogeuzwa nusu mzunguko inaweza kutoa kivuli kitakachobadilisha kona nzima.

Mpangilio huo uache siku mbili au tatu bila kubandika chochote. Pita, tazama, ondoa. Mara nyingi utakachoondoa ni kile ulichokipenda sana ufuoni ambacho hapa hakina kazi. Ukiridhika, piga picha ya mwisho, andika namba ndogo kwa penseli chini ya kila kitu na mahali pake ubaoni, kisha uviondoe vyote.

Gundi na misumari

Hakuna gundi moja inayofaa kila kitu, na kolaji nyingi huharibika kwa sababu mtu alitumia ile aliyokuwa nayo. Gundi nyeupe ya mbao hukauka kwa maji yake kutoka, kwa hiyo inashika vizuri pale ambapo walau upande mmoja unanyonya: kitambaa, karatasi, mchanga, usumba, mbao juu ya mbao. Ukiiweka kati ya kipande cha chupa na rangi, maji hayana pa kutokea na itabaki laini kwa siku nyingi. Kwa chupa, sahani, chuma na simbi tumia gundi ya mirija miwili inayochanganywa sawa kwa sawa. Kwa kandambili na maboya tumia gundi ya fundi viatu: ipake pande zote mbili, subiri dakika kumi hadi kumi na tano mpaka isinate kidoleni, ndipo ukandamize kwa nguvu, ukijua kwamba ikishashika hairudi. Supaglu hukauka ikawa na wepesi wa kukatika, na ile gundi inayoyeyushwa kwa umeme hulainika tena chumba kinapopata joto la Februari. Zote mbili ziache.

Anza na mchanga. Paka gundi nyeupe isiyozimuliwa mahali pake, mwaga mchanga kwa wingi, ugandamize kwa kiganja, uuache siku nzima, kisha usimamishe ubao na kuugonga kwa nyuma ili ziada idondoke. Nyunyizia au pakaza kwa brashi laini gundi iliyozimuliwa, sehemu moja kwa tatu za maji, nayo itazama na kuzishika chembe bila kuacha mng'ao. Eneo lililotoka na upara lirudie.

Mbao nzito usizitegemeze kwa gundi peke yake. Paka gundi nyeupe, ziweke mahali pake, kisha geuza ubao na uzikaze kwa skrubu mbili kutoka nyuma, ukiwa umetoboa kwanza tundu dogo ili mbao ya zamani isipasuke. Msumari wenye kutu uliobaki ndani ya kipande usuguliwe kwa brashi ya waya na upakwe vanishi isiyong'aa kabla ya kukaribia gundi yenye maji, la sivyo kutu itatambaa ndani ya tanga na kuacha doa la kahawia lisilotoka.

Simbi na makombe ndiyo yanayodondoka zaidi, kwa sababu hugusa ubao kwa ukingo mwembamba tu. Hapa nimejifunza kutoka kwa mafundi wa vyombo. Fundi anayepiga kalafati haachi ufa uzibwe na rangi. Huusindika kwa pamba iliyolowekwa mafuta mpaka pasiwe na nafasi. Nawe fanya vivyo hivyo kwa kombe: lipindue, jaza tumbo lake kwa pamba kavu mpaka karibu na ukingo, kisha changanya gundi ya mirija miwili na vumbi la mbao mpaka iwe nzito kama ugali mwepesi, uipake juu ya pamba na kuzunguka ukingo. Ukiligeuza na kuliweka ubaoni, linakaa kwa tumbo zima. Pale simbi inapogusa, kwangua rangi ya ubao kidogo kwa ncha ya kisu ili gundi ipate mbao. Ukilazimika kusugua simbi yenyewe ikae bapa, isugue ikiwa imelowa na ujifunge barakoa, kwani vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Kandambili zinastahili neno la ziada. Wapo wanaoziona kama taka isiyostahili kukaa karibu na simbi za kauri, lakini mwaka 2018 mafundi wa Lamu walikamilisha mashua ya plastiki iliyorejelezwa, Flipflopi, iliyofunikwa kwa takriban kandambili 30,000 zilizookotwa, na mwaka 2019 ikasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Aliyeona picha za ubavu wake, jinsi viraka vya rangi vilivyopangwa, anajua kwamba kitu hiki kinaweza kubeba uzuri. Zikate kwa kisu kikali kilicholoweshwa maji ya sabuni, vipande vyembamba vya nusu sentimita, na uache uso uliokanyagwa, wenye alama ya kisigino, utazame nje. Nyayo ya mtu usiyemjua ikikaa kando ya simbi huipa picha yote kipimo.

Kumalizia na kutundika

Iache kolaji ilale chali siku tano. Vanishi ipake kwenye karatasi, kutu na mbao zilizo wazi pekee, iwe ya maji na isiyong'aa. Vanishi ya mafuta hugeuka njano, na juu ya mchanga hufanya uonekane umelowa daima. Simbi ukitaka zirudishe rangi, zipake mafuta kidogo kwa kitambaa baada ya gundi kukauka kabisa. Kama utaiwekea kioo, mwombe seremala fremu yenye kina cha sentimita 5 au zaidi na umwambie aache vitundu viwili vidogo chini, kwa maana hewa iliyofungiwa nyuma ya kioo hutoa ukungu.

Usiitundike kwenye ukuta unaotoa jasho wakati wa masika, kama kuta nyingi za mawe na chokaa za nyumba zetu za kale, wala mahali jua linapopiga moja kwa moja, maana rangi za plastiki zitapauka. Waya wa kutundikia ufungwe kwenye skrubu mbili zilizo theluthi moja kutoka juu. Katika pembe nne za nyuma bandika vipande vya kandambili vilivyobaki, ili picha isimame mbali kidogo na ukuta na upepo upite nyuma yake. Hapo kati ya pembe hizo, kwa penseli, andika jina la ufuo, tarehe, siku ya mwezi mwandamo, na saa maji yalipojaa asubuhi ile.